Wembe Usiopita Ukuchani

Benchi lilikuwa limefungwa ukutani kwa skrubu nne, kati ya dirisha na beseni la kunawia, na kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyekaa hapo isipokuwa mwanamke mmoja. Juu yake palikuwa na vinoo vitatu, kila kimoja kwenye kitambaa chake chenye unyevu, bakuli la maji, na taa ya mezani yenye shingo ndefu. Mkanda wa ngozi, wa kulainishia makali, ulining'inia kwenye msumari. Vinyozi wa duka hilo walimwita mwanamke huyo Shangazi. Aliyekuwa na haki ya damu ya kumwita hivyo ni mmoja tu, mwenye duka, mtoto wa kaka yake; wengine waliliokota jina hilo kwake kama mtu anavyookota mafua.

Kazi ya Shangazi ilikuwa kunoa nyembe za kukunja, basi. Hakunoa mikasi wala visu vya jikoni, na bwana mmoja aliyemletea shoka kwa mzaha alirudishiwa shoka lake pamoja na maneno ambayo hakuyasimulia nyumbani kwake.

Kazi aliirithi kwa baba yake, na pamoja nayo alirithi vinoo viwili kati ya vile vitatu, na sheria moja. Wembe ukishatoka kwenye jiwe la mwisho na kupita kwenye ngozi, hulazwa juu ya ukucha wa dole gumba la kushoto uliolowanishwa, ukavutwa kwa uzito wake wenyewe kutoka kisigino, kule karibu na mpini, hadi ncha. Ukiteleza, ni butu. Ukishtuka mahali, pana pengo. Ukishika polepole mwanzo hadi mwisho, kama uzi unaopita katikati ya vidole, umenoleka. Wembe usiopita ukuchani haugusi shingo ya mtu, baba yake alikuwa akisema, na duka zima lilisema hivyo baada yake. Shangazi aliupitisha wembe kwenye ukucha wake mbele ya kinyozi. Kinyozi akaupokea, naye akaupitisha kwenye wake. Walifanya hivyo bila kufikiri, kama watu wanavyopeana mikono.

Ukucha wake wa dole gumba ulikuwa mnene, wenye mifereji kama ganda la chaza, na aliuacha mrefu kuliko zile nyingine tisa. Watu waliouona kwa mara ya kwanza walidhani ni maradhi. Yeye aliuona kuwa cheti.

Kisha mpwa wake akanunua nyembe kumi na mbili za stenlesi.

Alizipanga juu ya benchi asubuhi moja kabla duka halijafunguliwa, zikang'aa chini ya taa mpaka zikaumiza macho. "Hazishiki kutu, shangazi," alisema. "Unaziweka kwenye mvuke zinachemka, zinatoka kama zilivyoingia. Afisa afya akija hana la kusema."

"Hata sufuria haishiki kutu, mwanangu. Umeshanyolewa na sufuria?"

Mpwa alicheka. Alikuwa mtu mwepesi wa kucheka, msafi, mwenye haraka, aliyerithi jina la babu yake. Shangazi alipokuwa na raha naye alimwita "baba". Wiki hiyo hakumwita.

Nyembe zile ziliingia jiweni kwa ukaidi. Za zamani, za chuma cheusi, zilikuwa zikilamba kinoo na kutoa sauti ya mtu anayekunja karatasi nyembamba. Hizi zilipita juu yake kama haziguswi. Shangazi akafanya kile ambacho mnoaji yeyote wa chuma cheusi angefanya: akaongeza mkono. Alikandamiza. Makali yakaja, ukucha ukakubali siku ya kwanza, siku ya pili ukashtuka mara mbili. Akanoa upya. Vinyozi wakaanza kunung'unika. Wembe unakata vizuri mteja wa kwanza, walisema, kwa wa pili unavuta ndevu kana kwamba unazing'oa.

Alhamisi akaja mwalimu mmoja, mteja wa miaka mingi, mtu wa koo refu na maneno machache. Alipoinuka kitini alikuwa na michirizi mitatu myekundu chini ya taya, sambamba, kama amekwaruzwa na paka. Hakulalamika. Alijitazama kwenye kioo, akafunga kola mpaka juu, akaaga. Kutolalamika kwake ndiko kulikomuumiza mwenye duka.

"Shangazi, njoo nyuma kidogo."

"Sema hapahapa. Wote hawa wameiona shingo ya mwalimu."

Mpwa akavuta pumzi. Alikuwa amefikiri, alisema, na sio leo tu. Kuanzia Jumatatu duka litatumia nyembe za kutupa, zile za kuchomeka kipande kipya kwa kila mteja. Fundi seremala atakuja asubuhi kulifungua benchi, na pale mahali patakaa beseni la pili la kuoshea nywele.

"Na mimi?"

"Hakuna anayekufukuza. Utakaa pale mbele, upokee wateja."

"Nipokee wateja niwaambie nini? Karibuni mkwaruzwe?"

Vinyozi wawili waligeukia kioo kuficha nyuso zao. Wa tatu hakujificha. Huyo alikuwa Mzee Povu, kinyozi mkongwe kuliko wote, aliyeanza kazi chini ya baba yake Shangazi na kupata jina lake kwa sababu kila mteja alimpaka povu mpaka macho yasionekane. "Dada," alisema kwa upole, "usijitese bure. Stenlesi hainoleki. Ni chuma cha vijiko."

"Hainoleki? Aliyeitengeneza aliinoa kwa ulimi?"

"Kiwanda kina mashine."

"Mashine ina jiwe. Na mimi nina jiwe." Akachukua wembe mmoja kati ya zile kumi na mbili, akaufunga kwenye leso yake, akautia mkobani pamoja na vinoo vyake na mkanda wa ngozi. "Fundi wako aje Jumatatu," alimwambia mpwa wake. "Atanikuta nimekaa. Akitaka kulifungua benchi, afungue na mimi."

Alipotoka alipita mlango wa pili, kwa fundi saa, akaomba lenzi ya kubana jichoni. Fundi saa alimpa ya akiba, akamtahadharisha asiirudishe ikinuka vitunguu.

Mtu anayejua kazi yake kwa miaka thelathini na moja hana adui mkubwa kuliko mkono wake mwenyewe, kwa sababu mkono unafanya kabla hajauambia. Ijumaa asubuhi, kwenye meza ya jikoni kwake, karibu na dirisha, Shangazi aliibana lenzi jichoni na kutazama wembe wa stenlesi kwa mara ya kwanza kama unavyotazama uso wa mtu. Makali hayakuwa mstari. Yalikuwa kama ukingo wa karatasi iliyotafunwa na panya.

Alichukua mmoja wa nyembe za zamani za baba yake, alizozihifadhi nyumbani, akaupitisha jiweni kwa nguvu makusudi, akautazama. Chuma cheusi kilikuwa kimepinda ukingoni, kimejilaza upande mmoja kama nyasi iliyokanyagwa. Mipito michache ya ngozi ikakisimamisha tena. Akafanya vilevile kwa stenlesi. Haikupinda. Ilimeguka. Hapo alielewa nusu ya jambo: chuma kile kilikuwa kigumu kuliko alivyozoea, na kigumu ukikilazimisha hakijikunji, kinavunjika. Kadiri alivyokandamiza ndivyo alivyokibomoa.

Siku nzima ile aliufundisha mkono wake kulegea. Wembe ukalala bapa, mgongo na makali vyote viwili juu ya jiwe, ukasukumwa makali yakitangulia, bila uzito mwingine wowote ila wake. Mwishoni mwa kila mpito aliugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali. Alihesabu mipito hamsini, mia, mia na hamsini. Kazi iliyomchukua dakika kumi kwa chuma cheusi sasa ilimchukua arobaini. Jumamosi akagundua kwamba makali bado ni membamba mno kwa chuma hicho, akabandika tepu nyeusi ya fundi umeme kwenye mgongo wa wembe, tabaka moja tu, ili uinuke kidogo na makali yapate unene wa kusimamia. Akaanza upya kwenye jiwe laini. Jirani aliyekuja kuazima chumvi alimkuta ameinama, lenzi jichoni, akauliza kama sasa anatengeneza saa. "Natengeneza mwanaume mmoja," Shangazi alijibu bila kuinua kichwa. Jirani akaondoka na chumvi na habari ya kusambaza.

Jumapili, saa nne asubuhi, mstari ulitulia. Aliusogeza wembe chini ya lenzi kutoka kisigino hadi ncha na hakuona kitu, na kutoona kitu ndiko alikokuwa akikutafuta. Alicheka peke yake. Akalowanisha ukucha, akaupitisha wembe.

Ulishika taratibu, mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa umekubali.

Kwa raha tu, kama mtu anayesoma barua nzuri mara ya pili, akairudisha lenzi jichoni. Katikati ya makali palikuwa na mapengo matatu.

Alidhani ni vumbi. Akafuta, akatazama tena: mapengo. Akanoa dakika arobaini nyingine, akaangalia: safi. Akapitisha ukuchani, akaangalia: mapengo mawili, mahali pengine. Shangazi akakaa chini. Mara ya tatu alinoa, akaona mstari umetulia, akauweka wembe juu ya leso, akaenda kuosha vyombo vyote vya jikoni, hata vilivyokuwa safi. Aliporudi mstari ulikuwa vilevile. Basi si hewa, si chuma kuoza chenyewe. Akalowanisha ukucha, akavuta, akatazama.

Mapengo.

Alikuwa yeye. Kila wembe aliowahi kuunoa katika zile kumi na mbili, hata uliotoka jiweni mzima, aliumegua mwenyewe mbele ya macho ya watu, kwa ushahidi. Kisha kinyozi akaupokea akaumegua tena kwenye ukucha wake. Chuma cheusi kilikuwa kikisamehe. Kiliinama, na mkanda wa ngozi ulikiinua. Stenlesi haisamehe. Mwalimu alikwaruzwa na kile kitu walichokifanya ili asikwaruzwe.

"Baba," alisema kwa sauti jikoni, "umeniponza." Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki hata anapokasirika: "Hukujua."

Akachukua mkasi akaukata ukucha wa dole gumba mpaka nyamani, mkono usiwe na pa kukosea. Wembe akaunoa mara ya nne. Safari hii aling'oa unywele mmoja kichwani, akaushika ncha moja, akaugusisha kwenye makali. Nusu ya unywele ilianguka mezani bila hata kutikisika.

Jumatatu fundi seremala alifika mapema, bisibisi mkononi na penseli sikioni, akamkuta Shangazi amekaa kwenye benchi lake kama alivyoahidi. Alikuwa fundi mpole. Akasema ataanza na skrubu za upande usiokaliwa.

"Gusa uone," alisema Shangazi.

Fundi akamtazama mwenye duka. Mwenye duka, ambaye hakuwa amenyoa tangu Ijumaa kwa mawazo, akasugua ndevu zake. "Shangazi, tulishaongea."

"Wewe uliongea. Sasa kaa kitini."

"Mimi?"

"Shingo ya mwalimu hukuiogopa, ya kwako unaiogopa? Kaa. Mzee Povu atakunyoa kwa huu." Akaufungua wembe kutoka kwenye leso. "Ukikwaruzwa mahali pamoja tu, mimi mwenyewe nitamshikia fundi bisibisi."

Hilo lilisikika duka zima, na mpwa hakuwa mtu wa kukimbia mbele ya vinyozi wake. Alikaa. Mzee Povu akampaka povu mpaka akabaki pua, akanyoosha mkono kuupokea wembe, akangoja. Shangazi naye alingoja.

"Ukucha, dada," alisema Mzee Povu.

"Hakuna ukucha."

"Hujaupitisha?"

"Sijaupitisha na sitaupitisha. Na wewe usiupitishe. Ukucha ndio unaozimegua."

Mzee Povu alirudisha mkono wake kama aliyeonyeshwa moto. "Miaka arobaini na mbili sijagusa shingo ya mtu kwa wembe ambao haujapita ukuchani. Baba yako mwenyewe ndiye..."

"Baba yangu alinoa chuma cheusi. Akifufuka leo nitamwambia usoni, na atakasirika, na nitamwambia tena." Aling'oa unywele kichwani, akaugusisha kwenye wembe, ukaanguka. "Haya. Huo ndio ushahidi wako. Nyoa, au nimnyoe mimi, na mimi sijawahi kunyoa mtu."

"Mzee, nyoa wewe," alisema mpwa haraka kutoka ndani ya povu.

Mzee Povu alinyoa. Alianza juu ya shavu la kulia, kwa woga, mipito mifupi. Kisha mipito ikarefuka bila yeye kuamua. Sauti ilibadilika dukani. Wembe butu una kelele yake, ya kukwangua, na vinyozi wote waliijua. Huu ulikuwa kimya karibu kabisa. Shavu lote likaisha, taya, na nusu ya shingo. Mpwa alifumbua jicho moja. "Umeanza?" aliuliza.

Mtu mmoja akacheka. Fundi seremala alisogea karibu aone vizuri, akauliza kama wembe huo ni wa kuagiza. Mzee Povu, aliyekuwa anaanza kujisikia, akageuka kumjibu. Aliufuta wembe kwenye taulo. "Kinachonyoa si wembe, kijana, ni mkono," alisema, na huku akisema, dole gumba lake la kushoto likajitokeza lenyewe, wembe ukalala juu ya ukucha, ukapita. Ilikuwa imekwisha kabla hajamaliza sentensi.

Shangazi aliona. Akamwacha aendelee.

Mzee Povu akarudi kwenye shavu la kushoto. Mpito wa kwanza, mpito wa pili, na mpwa akashtuka kitini.

"Aa! Mzee, umebadilisha wembe?"

"Wembe ni uleule."

"Mbona huku unakwangua?"

Mzee Povu alitazama wembe, kisha akatazama ukucha wake. Alikuwa mtu mwaminifu. Uso wake uliungama kabla ya mdomo. Shangazi akamnyang'anya wembe, akaupeleka chini ya taa ya benchi, akamkabidhi mpwa wake lenzi. Mpwa akainuka na povu lake, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Akampa Mzee Povu lenzi. Mzee Povu akatazama akasema, "Lo." Fundi seremala naye akaomba.

"Pengo kabisa," alisema fundi. "Na mimi patasi zangu huwa nazijaribu hivihivi."

"Na zinakata?"

"Nilikuwa nadhani mbao za siku hizi ni mbaya."

Mpwa alikuwa bado amesimama, shavu moja laini kama la mtoto, jingine jeupe kwa povu. "Shangazi," alisema taratibu, "yaani wiki yote ile tulikuwa sisi?"

"Mimi kwanza. Nilikandamiza, na nikatia ukucha. Kisha nyinyi. Mwalimu nitamwomba radhi mimi, na ukweli ataambiwa." Alikuwa ameshakaa. Alikimwagia kinoo maji. "Lakini sikiliza, na wote msikilize, sitarudia. Kila wembe ni dakika arobaini. Anayetaka haraka atumie vya kutupa, simkatazi mtu. Na atakayeweka wembe wangu ukuchani, atanoa mwenyewe. Hata ukiwa wewe. Hata angekuwa yule uliyerithi jina lake."

"Na shavu hili?"

"Dakika arobaini."

"Nikae na povu dakika arobaini, na wateja wanaingia?"

"Kaa. Au toka hivyohivyo, utawapa cha kusimulia."

Fundi seremala akakohoa. "Samahani, mimi nina kazi nyingine mtaa wa pili. Sasa benchi nifungue au nisifungue?"

Mpwa alimtazama shangazi yake. Hakuwa akimtazama. Mgongo na makali vilikuwa vimelala bapa juu ya jiwe, wembe ukienda na kurudi, ukigeuka juu ya mgongo wake, na mikono ile mikubwa ilikuwa myepesi kama haishiki kitu.

"Beseni lifunge kule nyuma, karibu na choo," alisema mpwa. "Hilo liache."

"Kule nyuma hakuna bomba."

"Basi toboa ukuta, fundi! Mimi nimeambiwa nikae." Akakaa. Povu lilianza kukauka na kuvuta ngozi, na Mzee Povu, bila kuambiwa na mtu, akachukua brashi akaanza kuchapa jingine.